Dereva Mlevi: Aadhibiwe au Aanikwe?

Kila inapotokea ajali iliyosababishwa na dereva aliyelewa, husikika sauti mbili kando ya barabara. Ya kwanza hulia kuomba gari la kuwahisha majeruhi hospitalini. Ya pili husema: "Mpigeni picha huyo, atambulikane!" Zamani sauti hiyo ya pili iliishia pale pale penye mkusanyiko wa watu. Siku hizi, kabla majeruhi hajapokewa hospitalini, uso wa dereva umekwisha kufika Mwanza, Mombasa na Muscat.

Wengi miongoni mwetu hawaoni ubaya wowote katika jambo hilo. Hoja yao ni nyepesi kuieleza na nzito kuijibu: mtu aliyekunywa pombe huku akijua kwamba atashika usukani hakustahi uhai wa watu, kwa nini basi watu waustahi uso wake? Zaidi ya hayo, faini hulipwa ikasahauliwa, lakini aibu hukaa na mtu, na huenda ikamzuia yeye na wenzake wasirudie. Mwenye kusema hivi mara nyingi ni mzazi aliyemzika mwanawe au anayemwuguza. Haifai kumjibu kwa wepesi.

Kwamba dereva mlevi anastahili adhabu, hatuna ubishi. Tunalotaka kulipima hapa ni kama kumwanika mbele ya umma ni adhabu ya haki, na kama inamsaidia yeyote. Tutaangalia uzito wa kosa lenyewe, nchi zilizoijaribu njia hiyo, mwongozo wa Mtume wetu (s.a.w.), kisha jambo lililotufika katika msikiti wetu.

Uzito wa kosa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani kote, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Pombe ni miongoni mwa sababu kubwa. Hupunguza uangalifu wa macho, huchelewesha uamuzi, na juu ya hayo humpa mnywaji ujasiri wa uongo, akadhani anaendesha vizuri kuliko siku zote.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha hatari yake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata takriban mita 17 kila sekunde. Dereva aliyechelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki huwa amekwisha kwenda zaidi ya mita 8, nao ni umbali ambao mtoto anayevuka barabara angeweza kuwa salama au kuwa chini ya magurudumu.

Katika dini yetu kosa hili ni la pande mbili. Kunywa pombe ni kuvunja amri ya Mwenyezi Mungu, aliyeitaja katika Suratul Maidah kuwa ni uchafu katika kazi ya shetani. Kuendesha gari katika hali hiyo ni kuingilia haki ya waja: uhai wao, viungo vyao na mali zao. Hata anayeua kwa kukosea, asiyekuwa na nia mbaya, Qur'ani imemwekea katika Suratun Nisaa fidia kwa familia ya marehemu, ila wakisamehe, na kafara mbele ya Mola wake. Basi aliyejiondolea akili kwa hiari yake, kisha akashika chombo cha moto, hawezi kuwa na udhuru mkubwa kuliko huyo.

Pande hizi mbili tuzishike, kwa sababu mjadala wa fedheha hupotea njia pale zinapochanganywa.

Walioijaribu fedheha

Marekani ndiko adhabu za kuaibisha madereva walevi zilikojaribiwa sana katika zama zetu. Katika jimbo la Ohio, tangu mwaka 1967, sheria inaruhusu dereva aliyetiwa hatiani kwa ulevi kufungiwa kwenye gari lake vibao vya namba vya rangi ya njano vyenye maandishi mekundu, na kuanzia mwaka 2004 vibao hivyo vikawa vya lazima kwa baadhi ya wakosaji. Katika jimbo la Tennessee, mwaka 2006 ilianza kutumika sheria iliyowataka madereva wa aina hiyo waokote taka kando ya barabara kwa saa 24 wakiwa wamevaa vizibao vilivyoandikwa kwamba mvaaji ni dereva mlevi. Mjini Houston, katika jimbo la Texas, Jaji Ted Poe alijulikana katika miaka ya 1990 kwa hukumu za hadharani. Dereva mmoja aliyesababisha vifo vya watu wawili aliamriwa, pamoja na adhabu nyingine, asimame mbele za watu akibeba bango linaloeleza kwamba aliua watu wawili akiendesha gari hali amelewa.

Wanasheria wa nchi hiyo hawakukubaliana. Mwaka 1996 Profesa Dan Kahan aliandika akizitetea adhabu za aibu: ni nafuu kuliko jela, na bado zinatangaza kwamba jamii imechukizwa na kosa. Mwaka 1998 Profesa James Whitman alimpinga. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba katika adhabu ya fedheha serikali hukabidhi sehemu ya kazi ya kuadhibu kwa umati usiokuwa na kipimo wala msimamizi. Jaji akitoa kifungo cha miezi sita, mwezi wa saba mlango wa gereza hufunguliwa. Akimkabidhi mtu kwa macho na ndimi za watu, nani atawaambia kwamba sasa inatosha?

Tutazame pia vile vibao vya njano. Vimefungwa kwenye gari, na gari la nyumbani huendeshwa na zaidi ya mtu mmoja. Mke anayewapeleka watoto shule kwa gari hilo hupita mjini akiwa na alama ya ulevi ambao si wake. Qur'ani imekariri katika sura kadhaa, ikiwemo Suratul An'am, msingi wa kwamba nafsi haibebeshwi dhambi ya nafsi nyingine. Adhabu inayomwangukia mke na watoto kabla ya kumfikia mkosaji mwenyewe ina kasoro katika msingi huo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki, jirani zetu wa Kenya wana funzo jingine. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ilipokipa nguvu mpya kipimo cha pumzi kinachojulikana kwa jina la Alcoblow, kamera za televisheni zilifuatana na askari usiku. Watazamaji waliona nyumbani kwao madereva wakipepesuka, wakibishana, wakificha nyuso zao. Vipande hivyo viligeuka vichekesho. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaona kwamba baadhi ya kanuni za kipimo hicho, zilizotungwa mwaka 2011, haziendani na Sheria ya Trafiki yenyewe.

Hatusemi kwamba wote walioonyeshwa walikuwa wametakasika. Tunauliza tu: mahakama ikikuta kasoro katika mashitaka, faini hurejeshwa na mfungwa huachiwa. Fedheha hurejeshwaje? Mtu aliyeonyeshwa kabla ya kushitakiwa amekwisha kutumikia adhabu, na hukumu ikija baadaye, iwe ya kumtia hatiani au ya kumwachia, haina la kuongeza wala la kupunguza katika yale watu waliyoyaona.

Mtume (s.a.w.) na mlevi

Wapo watakaosema kwamba Uislamu unatambua adhabu za hadharani. Ni kweli. Suratun Nur imeamrisha kwamba adhabu ya zinaa ishuhudiwe na kundi la waumini. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba uwazi wenyewe ni dhuluma. Lakini tuangalie Mtume (s.a.w.) alivyoushughulikia uwazi huo alipoletewa mlevi.

Imepokewa katika Sahihi al-Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba aliletwa mtu aliyekunywa pombe, na Mtume (s.a.w.) akaamuru apigwe. Wako waliompiga kwa mikono, wengine kwa viatu, wengine kwa nguo zao. Adhabu ilipokwisha na mtu yule akaondoka, mmoja katika waliokuwapo akamwombea kwa Mwenyezi Mungu amfedheheshe. Hapo Mtume (s.a.w.) akakataza. Aliwaeleza wasiseme hivyo, wasiwe wasaidizi wa shetani dhidi ya ndugu yao. Neno la Kiarabu alilolitumia yule mlaanifu ni la mzizi mmoja na neno letu hizaya. Ni jambo hili hasa tunalolizungumza leo.

Katika Sahihi hiyo hiyo Umar bin al-Khattab (r.a.) amepokea habari za mtu mwingine aliyeitwa Abdullah, mcheshi aliyekuwa akimfurahisha Mtume (s.a.w.). Alikuwa akiadhibiwa kwa pombe, kisha akarudi tena kwenye kosa. Siku moja alipoletwa, mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (s.a.w.) akakataza asilaaniwe, na akashuhudia kwamba mtu yule alikuwa akimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Tuyapime matukio haya kwa makini. Adhabu haikufutwa. Haikufichwa. Mkosaji aliyerudia hakuambiwa kwamba si kitu. Kilichozuiwa ni ulimi wa umati baada ya hukumu kutimia, na sababu iliyotolewa ni kwamba matusi yale humfanyia shetani kazi yake. Mtu aliyekatiwa matumaini na watu wake hana tena cha kupoteza, na baa haijawahi kumfungia mlango mtu wa namna hiyo.

Jambo hili wataalamu wa zama zetu nao wameligusa. Mwaka 1989 mwanazuoni wa Australia, John Braithwaite, alitoa kitabu kinachotenganisha aibu za aina mbili. Ipo aibu inayombandika mtu jina la kudumu na kumtenga, nayo humsukuma kwa wenzake wa maovu. Na ipo aibu inayolikemea tendo lakini ikamwachia mtendaji njia ya kurudi kwa watu wake, nayo ndiyo inayotarajiwa kurekebisha. Muislamu anayeisoma habari ya Abu Huraira hawezi kuistaajabia tofauti hiyo.

Sitara ina mpaka

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili. Wako wanaotumia mafundisho ya kumsitiri Muislamu kuwa pazia la kuficha hatari. Mtaa mzima unajua kwamba dereva wa gari la wanafunzi hunywa, na kila mzazi ananyamaza kwa sababu dereva ni mtu wa watu, ana mama mzee, na nani atamharibia riziki? Siku gari linapopinduka, watu husema ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Kudura haina shaka, lakini ukimya wetu nao utaulizwa.

Wanazuoni wametenganisha dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, ambayo asili yake ni sitara na nasaha ya faragha, na madhara yanayowaangukia wengine, ambayo ni lazima yazuiwe. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ameorodhesha hali sita ambazo ndani yake inajuzu kumtaja mtu kwa analolichukia. Miongoni mwake ni mdhulumiwa kumshitaki aliyemdhulumu mbele ya mwenye mamlaka, kutafuta msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Amemtaja pia mtu anayefanya maovu yake waziwazi, lakini akaweka mpaka: atajwe kwa lile alilolidhihirisha, si kwa aibu zake nyingine.

Katika fiqhi kuna pia kinachoitwa tash-hiri, yaani kumtangaza mkosaji. Mfano wake mashuhuri ni shahidi wa uongo, ambaye baadhi ya makadhi wa mwanzo waliamuru atangazwe sokoni kwake au kwa watu wa kabila lake. Lengo lake linafahamika: watu wasije wakapoteza haki zao kwa kuutegemea ushahidi wake. Tangazo lile lilitoka kwa kadhi, baada ya kosa kuthibitika, na likaelekezwa kwa watu waliohitaji kujikinga.

Hapo ndipo tunapopata kipimo. Habari za dereva mlevi ziwafikie wanaozihitaji ili wajikinge: mwenye gari, mwajiri, wazazi wa watoto anaowabeba, askari wa usalama barabarani, mamlaka inayotoa leseni. Mtu aliyeko Muscat, ambaye hatapanda gari lile maisha yake yote, hajikingi na chochote kwa kuitazama video ya mtu anayejitapikia. Anachopata ni kicheko, na Suratul Hujurat imetukataza kuchekana na kupeana majina mabaya.

Ombi lililofika msikitini

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu ilipokea barua. Mwandishi wake alikuwa baba wa mwanafunzi wa madrasa aliyegongwa na daladala alipokuwa akivuka barabara baada ya Alasiri. Mtoto alivunjika paja. Dereva, ambaye ni Muislamu na mwenyeji wa mtaa huu huu, alikuwa amelewa. Baba aliomba mambo mawili: jina la dereva lisomwe baada ya sala ya Ijumaa kwa wiki tatu mfululizo, na picha yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa msikiti.

Kwa kuwa mimi ndiye katibu, barua ilipita mikononi mwangu na jibu lilitakiwa litoke kwangu. Kamati ilikaa vikao viwili. Wako wajumbe waliounga mkono ombi kwa nguvu, na hoja zao zilikuwa zile tulizozitaja mwanzoni.

Wakati tunajadili, ustadhi wa madrasa alituletea habari ambayo hatukuwa nayo. Video ya dereva ilikuwa imekwisha kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya mtaa. Ndani yake husikika sauti ya mtu akimzomea kwa jina alilozoeleka, na sisi tunajua desturi yetu: mzazi huitwa kwa jina la mwanawe, Baba Fulani. Kwa hiyo jina lililozomewa ni la binti wa dereva, mtoto wa miaka 11, naye ni mwanafunzi wa madrasa ile ile. Siku ya pili yake hakuja. Wiki ya pili hakuja. Wenzake walikuwa wakimwigizia sauti ya video.

Madrasa moja ikawa na watoto wawili wasiohudhuria: mmoja kwa paja lililovunjwa na gari, mwingine kwa jina lililovunjwa na simu. Wa kwanza alidhulumiwa na dereva. Wa pili alidhulumiwa na sisi.

Jibu la kamati lilikuwa na vipengele vitano. Wajumbe wawili waliokuwa karibu na ajali wangekwenda polisi kuandikisha maelezo yao na wangefika mahakamani wakiitwa. Barua ingepelekwa kwa mwenye gari kumtaka asimpe dereva huyo chombo chochote hadi kesi imalizike. Wazee wangezikutanisha familia mbili juu ya gharama za matibabu. Khatibu angetoa hotuba juu ya ulevi barabarani bila ya kumtaja mtu. Jina halingesomwa na picha haingebandikwa.

Baba wa mtoto hakuridhika alipopewa jibu hilo. Aliuliza kama tungesema hayo hayo lau dereva asingekuwa mwana mtaa wetu. Ni swali la haki, na tulimjibu kwamba hakuna kilichofichwa. Mashitaka yatasomwa katika mahakama ya wazi, yeyote anaweza kuingia akasikiliza, na shahidi atasema mbele ya hakimu kile ambacho umati unasema nyuma ya simu. Uwazi wa mahakama una kiapo, una haki ya mshitakiwa kujitetea, na una mwisho. Uwazi wa video hauna hata kimoja katika hivyo.

Kilichomtuliza hatimaye, nadhani, hakikuwa hoja zetu. Ni siku familia ya dereva ilipokuja kwake na fungu la kwanza la gharama za hospitali, wakakubaliana mafungu yaliyobaki mbele ya wazee. Kusomwa kwa jina Ijumaa tatu kusingelipia hata siku moja ya kitanda cha wodini. Fedheha humchukulia mkosaji heshima yake, lakini heshima hiyo haimfikii aliyeumizwa, hupotelea hewani. Aliyeumizwa anachodai ni matibabu, fidia, na yakini kwamba dereva yule hatampitia tena mwanawe karibu.

Dereva alitiwa hatiani mahakamani. Binti yake alirudi madrasa baada ya majuma kadhaa, pale mke wa ustadhi alipomfuata nyumbani.

Kinachowaondoa walevi barabarani

Huenda msomaji akauliza: fedheha tumeiacha, je, tunabaki na nasaha peke yake? Hapana, na uzoefu unatuonya juu ya hilo pia. Mjini Canberra, Australia, kuanzia mwaka 1995, ulifanyika utafiti ambao baadhi ya madereva walevi walipelekwa mahakamani na wengine walikalishwa vikao vya usuluhishi pamoja na jamaa zao. Waliokaa vikao waliona wametendewa kwa haki zaidi. Lakini kurudia makosa hakukupungua kwao. Kuliongezeka kidogo kuliko kwa wale wa mahakamani. Moja ya sababu iliyofikiriwa na watafiti ni kwamba mahakama iliweza kuwanyang'anya leseni, na vikao havikuwa na uwezo huo. Upole bila ya kumwondoa mtu kwenye usukani hautoshi.

Nchini humo humo, jimbo la New South Wales lilianza mwishoni mwa mwaka 1982 kupima pumzi za madereva bila ya kubagua, mahali popote, saa yoyote, na kulitangaza jambo hilo kwa nguvu. Vifo vya barabarani vilishuka kwa kiasi kilichoonekana wazi. Dereva wa kule alijua kwamba usiku huu huu anaweza kusimamishwa, na hilo lilimtia hofu kuliko ukali wa adhabu ya mtu mwingine aliyoisikia. Siku hizi kuna pia kifaa kinachofungwa ndani ya gari la aliyetiwa hatiani: hupuliza kabla ya kuwasha injini, na akiwa amekunywa gari haliwaki. Kifaa hicho humzuia mtu asidhuru, na hakimtukani.

Kwa hiyo tunaposhinikiza, tushinikize mambo yenye faida: vipimo vya mara kwa mara usiku na alfajiri, hasa kwa magari ya abiria na ya wanafunzi, kusimamishwa kwa leseni bila ya kujuana, na wenye magari kuwajibika kwa madereva wanaowaajiri.

Wajibu wa nyumbani

Kwa wazazi na familia, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu leo.

Mjue anayembeba mwanao. Mwulize mtoto dereva anaendeshaje, anazungumzaje, ananukaje. Ukipata shaka, zungumza na wazazi wenzako na uongozi wa shule siku hiyo hiyo, na usimrudishe mtoto katika gari hilo. Hiyo si ghiba.

Ukiwa abiria na ukaona dereva amelewa, mwombe asimamishe gari, shuka, na piga simu polisi kwa namba 112. Kondakta na abiria wakikataa kwa pamoja, gari haliendi mbali.

Mke au ndugu wa mtu anayekunywa na kuendesha asidhani kwamba kumficha funguo ni kumvunjia heshima. Ni kumhifadhi yeye na watu wengine. Mwendee mtu wake anayemsikiliza, awe mjomba, rafiki wa utotoni au imamu, mzungumze naye akiwa na akili zake. Inasimuliwa katika tafsiri ya Ibn Kathir kwamba Umar (r.a.) alipopata habari za mtu wake wa Sham aliyezama katika pombe, alimwandikia barua ya kumkumbusha rehema na adhabu ya Mola wake, akawataka masahaba wamwombee. Mtu yule aliisoma akirudia huku akilia, akatubu. Barua ya faragha ilifanya kazi.

Na video ikifika katika simu yako, ijiulize maswali mawili kabla ya kuisukuma mbele: yuko nani hapa anayehitaji kujikinga, na nitamfikishiaje? Ikiwa ni ushahidi, ipeleke polisi. Ikiwa ni hatari, mwambie mwenye gari au mzazi anayehusika. Ikiwa si hili wala lile, ifute, kwa sababu huenda mtoto wa mtu yule anasoma darasa moja na mwanao.